Maswali na Majibu: Pilipili za Ndoo na Mimea ya Ndani

Marudio kwa wanafunzi wa kilimo cha bustani, Tunduma na mkoa wa Songwe

Maswali haya ni ya mwanafunzi aliyeko Tunduma, Vwawa, Mlowo au Ileje ambaye daftari lake limejaa maelezo yaliyoandikwa kwa nchi za mbali. Mifano imeletwa nyumbani: jua letu, baridi yetu ya Juni, pumba za mpunga wa Momba na mbolea zilizopo madukani. Kanuni ya kushika ni moja. Udongo humsamehe mkulima: hushika maji, huhifadhi chakula, hupitisha hewa na hupunguza makali ya kosa. Ndoo haisamehe. Kazi zote hizo zimehamia mikononi mwako, na karibu kila swali hapa linauliza ni kazi ipi imesahauliwa. Jibu zuri hutaja chanzo kwanza, dawa baadaye.

SEHEMU A: CHAGUA JIBU SAHIHI

1. Mizizi yote ya mpilipili imezamishwa kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa hadi juu, bila pampu ya hewa. Mizizi itaanza kufa kwa kukosa:
(a) naitrojeni (b) oksijeni (c) mwanga (d) kabonidayoksaidi

Jibu: (b).
Maelezo: Mizizi hupumua kama viungo vingine vilivyo hai. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kiasi hicho hushuka hadi kati ya 7 na 8. Maji yakipata joto hushuka zaidi. Ndoo iliyoachwa juani inamaliza akiba hiyo haraka.

2. Unataka mpilipili wa ndani upate jua la kutosha mwezi Juni mjini Tunduma. Utauweka kwenye dirisha linalotazama:
(a) kusini (b) kaskazini (c) popote, hakuna tofauti (d) ukuta usio na dirisha

Jibu: (b).
Maelezo: Hapa watahiniwa wengi huanguka kwa sababu vitabu vya Ulaya husema "kusini". Tunduma iko kwenye latitudo ya nyuzi 9 na kidogo, kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, na Juni huwa limeinama vya kutosha kuingia ndani kupitia dirisha la upande huo. Kuanzia katikati ya Oktoba jua hupita kusini, lakini liko juu sana, na upenu wa bati hulizuia. Miezi hiyo usogeze mpilipili barazani.

3. Ipi kati ya hizi inafaa kuyeyushwa kwenye ndoo ya pilipili?
(a) urea (b) mbolea ya Minjingu ya unga wa mwamba (c) samadi mbichi (d) kalsiamu naitreti

Jibu: (d).
Maelezo: Kalsiamu naitreti huyeyuka yote na mmea huitumia moja kwa moja. Urea hutegemea bakteria wa udongo kuibadilisha kuwa naitreti; ndani ya ndoo huishia kuzalisha amonia inayounguza mizizi. Unga wa mwamba wa Minjingu ni chanzo kizuri cha fosforasi kwenye udongo wenye asidi, ila hauyeyuki kwenye maji ya kawaida, utaukuta umelala chini ya ndoo. Samadi huoza, na uozo hula oksijeni ile ile ya swali la 1.

4. Ukali wa pilipili umejikusanya zaidi kwenye:
(a) mbegu (b) utando mweupe unaoshikilia mbegu (c) ganda la nje (d) kikonyo

Jibu: (b).
Maelezo: Kemikali ya ukali, kapsaisini, hutengenezwa kwenye utando. Mbegu huonekana kali kwa sababu zimegusana nao. Kipimo cha ukali kilibuniwa na Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912 na bado kinaitwa kwa jina lake.

5. Ipi si ndugu wa zilizobaki?
(a) pilipili hoho (b) pilipili kichaa (c) pilipili mbuzi (d) pilipili manga

Jibu: (d).
Maelezo: Tatu za kwanza ni jenasi ya Capsicum, asili yake bara la Amerika, na ni jamaa wa nyanya, bilinganya, viazi mviringo na tumbaku. Pilipili manga ni mmea mwingine kabisa, unaotambaa, wenye asili ya India. Undugu huu una kazi shambani: virusi vya batobato ya tumbaku hushambulia pilipili pia, na huweza kubebwa na vidole vya mvuta sigara. Anayetoka kuvuta anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

SEHEMU B: OANISHA DALILI NA CHANZO

6. Oanisha kila dalili katika Orodha ya Kwanza na chanzo chake katika Orodha ya Pili. (alama 7)

Orodha ya Kwanza
(i) Majani ya chini yamekuwa manjano yote, mmea umepauka
(ii) Majani machanga ya juu ni manjano, mishipa imebaki kijani
(iii) Majani ya chini ni manjano kati ya mishipa tu
(iv) Kitako cha tunda kimeoza na kuwa kahawia au cheusi
(v) Majani yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda shina
(vi) Vidoa vyeupe juu ya jani, utando mwembamba chini yake
(vii) Miche michanga inaanguka, shingo imelegea

Orodha ya Pili
A. Utitiri mwekundu
B. Upungufu wa magnesiamu
C. Kinyausi
D. Upungufu wa naitrojeni
E. Vidukari
F. Upungufu wa chuma, mara nyingi kwa pH kupanda
G. Kalsiamu haifiki kwenye tunda

Majibu: (i) D, (ii) F, (iii) B, (iv) G, (v) E, (vi) A, (vii) C.

Namna ya kukumbuka: Naitrojeni na magnesiamu husafiri ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machipukizi, kwa hiyo majani ya chini huumia kwanza. Chuma na kalsiamu zikishakaa hazihami, hivyo dalili huanzia juu au kwenye tunda changa. Ukiulizwa "ni upungufu gani?", angalia kwanza jani linaloumwa liko ghorofa ya ngapi.

SEHEMU C: MAJIBU MAFUPI

7. Nini maana ya haidroponiki? Taja wanasayansi wawili waliochangia njia hii. (alama 3)

Ni ukuzaji wa mimea kwenye maji yenye virutubisho, bila udongo, mizizi ikiwa ndani ya maji au kwenye kishikizi kisicho na chakula kama kokoto. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop waliotesha mimea kwenye maji ya chumvi maabara katika miaka ya 1860. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliitoa njia hiyo maabara na kuipeleka kwenye uzalishaji katika miaka ya 1930. Taja wawili tu. Mtahini haongezi alama kwa wa tatu.

8. Linganisha ndoo tuli na mfumo wa pampu. Upi unamfaa anayeanza Tunduma? (alama 5)

Mfumo wa pampu huzungusha maji au kusukuma hewa muda wote. Mimea hukua haraka, lakini umeme ukikatika kwa saa kadhaa siku ya joto mizizi huanza kuumia. Ndoo tuli, njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, haina pampu. Mche hukaa kwenye kikombe chenye matundu kilichobanwa kwenye mfuniko, ncha za mizizi zikigusa maji. Mmea unavyokunywa, maji hushuka na kuacha nafasi ya hewa. Mizizi iliyo kwenye nafasi hiyo huota vinyweleo na kuanza kuvuta oksijeni hewani.

Anayeanza achague ndoo tuli. Kosa la kuepuka: kujaza ndoo tena hadi mfunikoni. Mizizi iliyokwisha kuzoea hewa huzama na kufa. Mpilipili huishi miezi mingi, hivyo lazima uongeze maji, ila iache angalau nusu ya nafasi ya hewa.

9. Kwa nini ndoo hupakwa rangi nyeusi nje na kufunikwa? (alama 3)

Kwanza, mwanga ukipenya huotesha mwani, ule ukijani wenye utelezi, unaogombania chakula na hewa. Pili, mfuniko huzuia mbu kutaga. Tatu, hupunguza uvukizi. Nyongeza ya alama: ndoo itakayokaa juani ipakwe nyeusi, kisha nyeupe juu yake, ili isichemke.

10. Eleza jinsi ya kuandaa pumba za mpunga kuwa kishikizi cha miche. (alama 4)

Pumba hupatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa mpunga unaotoka Kamsamba na bonde la Momba, wakati makumbi ya nazi lazima yasafiri kutoka Pwani. Zichome polepole huku ukigeuza hadi ziwe nyeusi, kisha zimwagie maji kabla hazijawa majivu. Chukua chache uzisugue kidoleni: zikiacha weusi na umbo la ganda bado lipo, ziko tayari, zikiwa kijivu cheupe na kuvunjika kama unga, umezipitiliza. Zioshe mara kadhaa, kwa sababu majivu hupandisha pH. Uchomaji huua mbegu za magugu na vimelea vingi, na hilo ndilo linalopunguza kinyausi.

11. Mbegu za pilipili zilizosiwa Juni huchelewa kuota. Toa sababu na njia salama ya kuzisaidia. (alama 4)

Mbegu ya pilipili hutaka nyuzi 25 hadi 30 ili iote ndani ya wiki moja hadi mbili. Usiku wa Juni na Julai kwenye uwanda wa Mbozi na Tunduma ni baridi mno kwa hilo. Funika trei kwa nailoni angavu, iweke mchana palipo na jua, usiku ihamishie ndani mbali na sakafu ya saruji. Au sia Agosti, ili miche ya wiki sita hadi nane ikutane na joto la Oktoba.

Onyo: Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha miche joto. Kabonimonoksaidi haina harufu na huua waliolala. Moshi wa jiko hilo pia una gesi ya ethilini, inayopukutisha maua.

12. Kwa nini virutubisho huwekwa kwenye madumu mawili, A na B? (alama 3)

Kwenye hali nzito, kalsiamu hukutana na salfeti na fosfeti na kuganda kuwa tope jeupe lisiloyeyuka. Chakula kinabaki chini ya dumu. Kwa hiyo dumu A hubeba kalsiamu naitreti na chuma, dumu B hubeba magnesiamu salfeti, fosfeti, potasiamu na madini madogo. Weka maji kwenye ndoo kwanza, mimina A, koroga, ndipo umimine B.

13. Taja kiwango cha pH kinachofaa pilipili na jinsi ya kukishusha kikizidi. (alama 4)

Kati ya 5.5 na 6.5. Ikivuka 7, chuma hujifunga na majani ya juu huwa manjano ingawa chuma kimo ndani ya maji. Kuongeza chuma hakusaidii. Maji ya kisima mara nyingi yana bikaboneti zinazovuta pH juu kila siku. Ya mvua hayana, hivyo huyumba kwa tone dogo tu. Tumia asidi ya fosforiki kwa matone, ukipima kila mara. Tia asidi kwenye maji. Kamwe usitie maji kwenye asidi. Maji ya limau hushusha pH kwa siku moja au mbili tu, kwani vijidudu huila asidi yake.

14. Mpilipili wa sebuleni umetoa maua mengi lakini yanapukutika. Taja sababu nne. (alama 4)

(i) Usiku chini ya nyuzi 13 hadi 15, au mchana juu ya 32. (ii) Mwanga mdogo. (iii) Naitrojeni nyingi mno, mmea unakimbilia majani. (iv) Chavua haijadondoka. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nje husaidiwa na upepo na nyuki, na sebuleni hawapo. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, gonga shina kwa kidole hadi vumbi la njano lidondoke.

15. Vidukari wameingia kwenye mimea ya ndani. Utafanya nini? (alama 3)

Tenga mmea. Osha chini ya majani kwa maji, kisha nyunyizia maji ya sabuni: mililita 5 za sabuni laini ya maji kwa lita, jioni, ukijaribu kwanza kwenye jani moja. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu, hivyo rudia baada ya siku chache. Usipulizie dawa ya shambani sebuleni. Dawa yoyote ya kununua iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na lebo yake iruhusu matumizi hayo.

16. Rafiki yako ameona miche mizuri Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mshauri. (alama 3)

Asiivushe kimyakimya. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inadhibiti uingizaji wa mimea. Kinahitajika kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na ukaguzi mpakani. Sababu ya kibaiolojia ndiyo yenye alama: mche mmoja hubeba mayai, virusi na minyoo fundo visivyoonekana. Mfano wa mdudu mgeni ni kantangaze, nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwatia hasara wakulima wengi.

17. Taja mimea miwili ya ndani yenye asili ya Afrika Mashariki na utunzaji wake. (alama 6)

(i) Urujuani wa Usambara, ambao kwa miaka mingi uliitwa Saintpaulia kwa jina la Walter von Saint Paul, ofisa Mjerumani aliyetuma mbegu zake Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892. Asili yake ni miamba yenye kivuli na unyevu, kwa hiyo hutaka mwanga usio wa jua kali. Mwagilia kwa chini, kupitia sahani. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa.

(ii) Zamioculcas zamiifolia, yenye vijani vinavyong'aa kama vimepakwa nta, inayopatikana porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo. Huhifadhi maji kwenye kiazi chake cha chini. Huvumilia kona yenye mwanga hafifu na kusahauliwa kwa wiki kadhaa. Kinachoiua ni kumwagiliwa kila siku.

Angalizo: mimea ya ndani iliyo kwenye udongo hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kiu. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Kama bado kuna unyevu, ahirisha. Na ukiwa na watoto wadogo, weka mbali mimea yenye utomvu unaowasha mdomo, kama Dieffenbachia.

18. Andika KWELI au SI KWELI, kisha toa sababu. (alama 4)

(a) Kulala chumba kimoja na mmea ni hatari kwa sababu "unavuta hewa" usiku.
SI KWELI. Mmea hupumua usiku, ila kiasi chake ni kidogo sana kuliko cha mtu mmoja aliyelala kando yako.

(b) Chungu kimoja cha maua husafisha hewa ya sebule.
SI KWELI. Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ulifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa ingehitajika mimea 10 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba ili kulingana na dirisha lililo wazi.

SEHEMU D: HESABU

19. Madumu A na B yametengenezwa kwa nguvu ya mara 100. Utatia kiasi gani cha kila moja kwenye ndoo ya lita 20? (alama 2)

20,000 ml ÷ 100 = 200 ml za A na 200 ml za B.

20. Umeyeyusha gramu 20 za kalsiamu naitreti yenye kalsiamu asilimia 19 kwenye lita 20. Tafuta miligramu za kalsiamu kwa lita. (alama 3)

Gramu 20 ÷ lita 20 = gramu 1 kwa lita, yaani miligramu 1,000.
1,000 × 0.19 = 190 mg kwa lita. Kiasi hiki kinaitosha pilipili inayozaa.

21. Ndoo yenye pampu ya hewa ilianza na lita 20, EC (kipimo cha wingi wa chumvi kwenye maji) 2.0. Baada ya wiki zimebaki lita 15, EC 2.6. Uongeze maji ya virutubisho au maji matupu? (alama 4)

EC kupanda kunaonyesha mmea umekunywa maji haraka kuliko chumvi. Ongeza maji matupu.
Uhakiki: 15 × 2.6 = 39; 39 ÷ 20 = 1.95. Lita 5 za maji ya mvua zitarudisha EC karibu na pale ilipoanza. Kama EC ingeshuka, ndipo ungeongeza virutubisho.

SEHEMU E: KISA

22. Mfanyabiashara wa Mpemba ana mipilipili sita kwenye ndoo tuli barazani. Mchana majani hunyauka ingawa ndoo zimejaa hadi mfunikoni. Mizizi ni ya kahawia, inateleza na inanuka. Alipoona unyaufu aliongeza mbolea mara mbili, hali ikawa mbaya zaidi. Chambua kosa na toa hatua za kuokoa mimea. (alama 10)

Chanzo (alama 4): Ndoo iliyojaa imezamisha mizizi ya hewa. Mizizi imekosa oksijeni, imekufa, na vimelea vya uozo vimeingia. Mzizi uliokufa hauvuti maji, hivyo mmea una kiu ukiwa ndani ya maji.

Kwa nini mbolea ilizidisha (alama 2): Chumvi zikizidi nje ya mzizi, maji hutoka ndani ya mzizi kwenda nje kwa osmosisi. Mizizi michache iliyokuwa hai nayo ikakaushwa.

Hatua (alama 4): Mwaga maji yote na uoshe ndoo kwa sabuni. Kata mizizi iliyooza, bakiza myeupe na imara. Punguza matawi na matunda ili mizizi iliyobaki isizidiwe, kisha weka mimea kivulini kwa siku chache. Andaa maji mapya kwa nusu ya nguvu, EC karibu 1.0, pH 6, yafikie theluthi ya chini ya mizizi tu. Mizizi mipya myeupe ikionekana, pandisha taratibu hadi EC 2.0.

Katika usahihishaji: aliyeandika "badilisha maji" bila kutaja oksijeni anapata alama za hatua pekee, zisizozidi 4. Aliyeandika "ongeza mbolea" hapati kitu, hata kama ametaja mbolea nzuri.